Maswali na Majibu: Mwenye Meli na Mkaguzi wa Meli

Barua zilizonifikia kutoka Kiloleli, Lamadi, Nyashimo na hata Bariadi mjini, ambako ziwa halionekani, zimekuwa nyingi kiasi cha kunilazimu kuchagua. Nami nimechagua zile zilizonikera au kunitia hofu, kwa kuwa barua ya kuuliza bandari ni nini yaweza kujibiwa na mwalimu yeyote wa shule, ilhali barua ya mtu anayeamini kuwa chombo cha serikali hakina haja ya kukaguliwa ni jambo la uhai na mauti. Sehemu kubwa ya umri wangu nimeitumia katika ukaguzi wa vyombo vya majini, na ninayoyasema hapa nayasema kwa dhamana ya kazi ile.

Mzee wetu, Simiyu hatuna meli wala bandari. Wizara ya Uchukuzi inatuhusu nini sisi wakulima wa pamba?

Mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2012, unao ufuko wa Ziwa Viktoria katika wilaya ya Busega, na mwenye shaka aende Lamadi alfajiri akatazame mitumbwi ya dagaa ikirudi. Ama pamba, mnajua wenyewe kwamba ikishatoka kiwanda cha kuchambulia haibaki hapa. Huchukuliwa kwa lori au kwa reli mpaka Dar es Salaam, ikapakiwa melini, na dawa ya kunyunyizia mashamba pamoja na dizeli ya matrekta huingia nchini kwa mlango ule ule. Meli ikikaa nje ya bandari siku nyingi ikingoja nafasi ya gati, mwenye meli hudai fidia ya kucheleweshewa chombo chake, mwagizaji hulipa, naye mwagizaji hana mahali pa kuirudisha hasara hiyo isipokuwa katika bei ya chupa ya dawa mnayoinunua Kiloleli. Basi msiniambie haiwahusu.

Chombo kikiwa ni mali ya serikali, na mkaguzi naye ni wa serikali, ukaguzi wa nini tena? Serikali itajidanganya yenyewe?

Barua hii haikuwa na hasira wala dhihaka. Mwandishi wake aliuliza kwa moyo safi, na ndiyo maana imenitia hofu kuliko zote, maana nimeisikia hoja hii hii ikisemwa na watu wenye elimu na madaraka. Naomba subira ya msomaji, kwani nitaijibu kwa urefu.

Tangu mwaka 1948, reli, bandari na meli za ziwani za Afrika Mashariki zilikuwa chini ya idara moja ya Reli na Bandari. Mwaka 1969 reli na bandari zikatengwa kuwa mashirika mawili, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 Tanzania Bara ikaunda mashirika yake, bandari za bahari zikashikwa na Mamlaka ya Bandari ya wakati ule, na meli za maziwa zikabaki kwa Shirika la Reli. Maana yake ni kwamba aliyeimiliki meli ya ziwani ndiye aliyemwajiri nahodha, ndiye aliyeuza tikiti, na ndiye aliyekuwa na haja kubwa kuliko watu wote ya kuona meli inang'oa nanga kwa saa yake, kwa sababu meli iliyofungwa gatini haileti senti. Mtu wa namna hiyo, hata akiwa mchamungu, utamwachiaje kazi ya kuamua kama chombo chake kinafaa kusafiri?

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, mali ya Shirika la Reli, ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Meli ile iliundwa kwa ajili ya abiria 430. Walakini mimi sikubali masimulizi yanayosema kuwa watu walizidi, basi, yakaishia hapo. Chombo hakipinduki kwa uzito peke yake. Hupinduka hasa pale uzito unapokaa mahali pasipostahili, shehena ikiwa juu badala ya kuwa ndani ya ngama, watu wakiwa wamesimama kwenye sitaha ya juu, kisha wote wakaelemea upande mmoja kwa sababu nchi kavu imeonekana na kila mtu ataka kushuka wa kwanza. Mkaguzi wa kweli huyaangalia mambo hayo yasiyompendeza mwenye chombo: alama ya mwisho wa kuzama iliyochorwa ubavuni, maji yaliyomo ndani ya ngama, jinsi mizigo ilivyofungwa, na jinsi meli inavyolala ikiwa gatini kabla haijapata wimbi hata moja.

Baada ya msiba ule, sheria ya mwaka 2001 ilianzisha SUMATRA, chombo cha kudhibiti usafiri wa nchi kavu na wa majini, na mwaka 2017 ikatungwa sheria iliyozaa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ambalo wote twaliita TASAC, likachukua kazi ya majini. Kazi ya kumiliki bandari, za bahari na za maziwa, ikawa ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, yaani TPA, kwa sheria ya mwaka 2004. Wizara kazi yake ni kutunga sera, kupeleka miswada Bungeni, na kuzisimamia taasisi hizo. Waziri hapakui makasha wala hapimi ngama. Huu ndio mgawanyo wa mikono, na haukuwekwa kwa ajili ya kuongeza viti vya wakubwa, bali kwa sababu mkono unaopokea nauli haufai kuwa ndio unaotia sahihi cheti cha usalama.

Lakini mgawanyo wa karatasini hautoshi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichojengwa kwa watu 101, kilipinduka karibu na gati la Ukara kikiwa kimesheheni watu na mizigo ya siku ya gulio, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Kivuko kilikuwa cha TEMESA, wakala wa serikali, na siku ile TEMESA na mdhibiti wote walikuwa chini ya wizara moja ya Ujenzi, Uchukuzi na Mawasiliano. Mwaka 2023 Ujenzi na Uchukuzi zilitenganishwa tena, kwa hiyo leo mwenye vivuko yuko kwa waziri mmoja na mkaguzi yuko kwa waziri mwingine, jambo ninalolishukuru; ila kampuni ya serikali yenye meli za abiria za maziwa ingali chini ya wizara ile ile aliyo chini yake mkaguzi. Fauka ya hayo, TASAC yenyewe imepewa na sheria kazi ya biashara, kwa mfano uwakala wa forodha kwa bidhaa maalumu kama madini na silaha, ikawa ni mwamuzi wa mpira aliyeruhusiwa kucheza kipindi kimoja. Sisemi wafanyao kazi humo si waaminifu. Nasema sheria isimweke mtu mwaminifu mahali ambapo uaminifu wake utagharimu mapato ya shirika lake.

Mimi binafsi nimewahi kusimama gatini, nikaandika kwamba chombo fulani kisiondoke mpaka pampu ya ngama itengenezwe, na kabla wino haujakauka simu ikapigwa kutoka ofisi ya juu, chombo kikaondoka. Kilifika salama. Na kufika kwake salama ndiko kulikoniudhi zaidi, kwa kuwa tangu siku ile kila niliposema "kisiondoke" nilikumbushwa safari ile. Kwa hiyo, bwana mwandishi, serikali haijidanganyi yenyewe. Ni mtu mmoja ndani yake aogopaye kumkera mwingine, na cheti cha ukaguzi chapaswa kubandikwa penye ngazi ya kupandia, kila abiria akisome, ili hofu hiyo ipungue.

Ni kweli bandari zimeuzwa kwa Waarabu, na Mwanza itafuata? *(Barua nyingi za namna hii nimezijibu kwa pamoja.)*

Hazikuuzwa. Tarehe 22 Oktoba 2023, huko Dodoma, ilitiwa sahihi mikataba inayoipa DP World ya Dubai kuendesha gati namba 4 hadi 7 za Dar es Salaam kwa miaka 30, na ardhi ikabaki ya TPA. Wala mwendeshaji mgeni si jambo jipya: makasha ya Dar es Salaam yalikuwa mikononi mwa kampuni ya TICTS tangu mwaka 2000 hadi mwisho wa 2022, na wengi wanaolia leo walikuwa wakipokea mizigo yao kwake bila kuuliza.

Hata hivyo sitawacheka waliohofia. Makubaliano ya awali kati ya Tanzania na Dubai, yaliyoridhiwa na Bunge tarehe 10 Juni 2023, yalitaja bandari za bahari na za maziwa kwa pamoja, na maneno mapana namna ile yakiwekwa mbele ya wananchi bila maelezo, uvumi hujaza nafasi iliyoachwa wazi. Anayetaka kuulizia mkataba aulizie vipengele: mapato ya serikali, tathmini ya utendaji, na adhabu ya kuchelewesha meli. Hayo yana faida kuliko kuuliza kabila la mwekezaji.

Mganga mmoja wa huku huwafungia wavuvi hirizi kwenye omo ya mtumbwi. Je, inasaidia?

Haisaidii. Nunueni maboya ya kuvaa.

Nina leseni ya uvuvi niliyolipia halmashauri. Mbona TASAC wananidai cheti kingine? Si wizi huu?

Si wizi. Leseni ya uvuvi yahusu samaki, nayo ni ya wizara nyingine kabisa. Cheti cha TASAC chahusu mbao, misumari, mashine na uhai wa walio ndani. Katika mwalo mmoja wa Busega nilipandishwa kwenye mtumbwi mpya uliopakwa rangi ya kupendeza, mwenyewe akanionyesha kwa fahari maboya sita ya kuvaa. Yalikuwa yamefungwa kwa kamba ya katani chini ya turubai, chini ya galoni za petroli, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni kama lilivyotoka dukani. Nikamwomba baharia mmoja alitoe moja na kulivaa. Fundo la kamba lilikuwa limelowa na kukaza, na hakuweza kulifungua mpaka alipoletewa kisu. Mtumbwi ukipinduka usiku nani ataleta kisu? Nilimnyima cheti, na naamini hadi leo ananinung'unikia.

Kwa nini dhoruba hutukuta usiku, ilhali jioni ziwa lilikuwa shwari? Wazee wanasema ni wenye kumiliki mvua.

Mchana kucha maji hupokea joto polepole na usiku huliachia polepole, ilhali nchi kavu hupoa upesi. Basi usiku upepo hutoka pande zote za nchi kavu kwenda ziwani, ukakutana katikati, hewa yenye unyevu ikapanda juu na kugeuka radi na mvua kabla ya alfajiri. Nanyi wavuvi wa dagaa mko huko huko na taa zenu. Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo nayo iko chini ya Wizara ya Uchukuzi, hutoa utabiri wa ziwa. Sikilizeni redioni kabla ya kusukuma mtumbwi, na huyo mwenye kumiliki mvua msimpe hata kuku.

Je, Waziri wa Uchukuzi wa Dodoma ndiye mkubwa wa bandari ya Zanzibar?

Katiba ya Muungano huitaja bandari miongoni mwa mambo ya Muungano, lakini kwa kazi ya kila siku Zanzibar inalo Shirika lake la Bandari na Mamlaka yake ya Usafiri Baharini. Mwenye malalamiko ya boti ya Pemba asiyapeleke Dodoma.

Nikiona mtumbwi wa abiria umejaa kupita kiasi nimwambie nani?

Mwambie kwanza nahodha, kwa sauti, mbele ya abiria wenzako, na asiposikia shuka, hata kama nauli yako imekwenda. Kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji na polisi, na uandikie ofisi ya TASAC Mwanza, nakala kwa mkuu wa wilaya. Andika jina au namba ya chombo, saa uliyokiona, na idadi ya watu uliowahesabu kwa macho yako mwenyewe. Barua isiyo na hayo matatu, nimeziona nyingi, huishia ndani ya jalada.