Idhini ya Matibabu kwa Mtoto Aliyeachwa kwa Ndugu

Mgonjwa wa saratani anayetoka Sengerema kwenda kupata matibabu ya mionzi Dar es Salaam huweza kukaa huko wiki kadhaa. Kabla ya safari hupanga nauli, malazi na mtu wa kubaki na watoto. Linalosahaulika ni nani atatia saini iwapo mmoja wa watoto hao ataugua.

Chukua mfano wa mtoto wa miaka 6 aliyeachwa kwa shangazi yake. Anaanguka kutoka mwembeni na kuvunjika mfupa wa mkono, juu kidogo ya kiwiko. Vidole vimepoa, na mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono hayasikiki. Mvunjiko wa aina hii huweza kubana mshipa mkuu wa damu. Misuli ikikosa damu kwa saa chache huanza kufa, na mkono hubaki na ulemavu. Shangazi anaulizwa kama yeye ndiye mzazi. Anasema siye, na simu ya mama haipatikani. Fomu ya idhini ya upasuaji inabaki mezani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimwoni shangazi huyu kuwa mpita njia. Wajibu wa kumpatia mtoto matibabu, pamoja na chanjo, uko juu ya mzazi, mlezi na mtu mwingine yeyote anayeishi na mtoto chini ya uangalizi wake. Katika dharura, basi, daktari hapaswi kungoja karatasi. Humweleza ndugu aliyepo, huandika kwenye jalada jitihada zilizofanywa kumtafuta mzazi, hushauriana na mwenzake, kisha huokoa mkono.

Ugumu hujitokeza zaidi pale ambapo hakuna dharura, kama upasuaji wa ngiri isiyobana. Hapo hospitali ina haki ya kudai idhini ya mzazi, na barua fupi hutosha kuondoa mzozo. Iwe na majina ya mtoto kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, majina ya mzazi na ya ndugu pamoja na namba zao za kitambulisho, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na idhini iliyotajwa wazi: kulazwa, kuongezewa damu, dawa ya usingizi, upasuaji. Mzazi atie saini mbele ya mashahidi, na mhuri wa serikali ya kijiji au mtaa uwepo. Anayeweza aape mbele ya wakili. Maradhi ya mtoto yatajwe pia. Shangazi asiyejua kwamba mtoto ana selimundu hawezi kumwambia mtoa dawa ya usingizi.

Barua hiyo haihamishi haki za mzazi. Malezi yakigeuka ya kudumu, au mzazi akifariki, suala lipelekwe kwa ofisa ustawi wa jamii, naye ataelekeza iwapo kuna haja ya amri ya Mahakama ya Watoto.

Muuguzi anayeandaa rufaa ya mama amuulize watoto wanabaki na nani, na kama barua imeandikwa. Ikiwa bado, wodini hakukosekani karatasi na kalamu.