Kazi ya mgahawani na baiskeli ya kukunja: Tusiache mwili nyuma

Leo tutazungumzia jambo ambalo tangu janga la korona la mwaka 2020 limeingia katika nyumba nyingi: vijana wanaofanya kazi za ofisi bila kwenda ofisini. Mwajiri yuko mbali, pengine nje ya nchi, na kijana anafanya kazi kwa kompyuta mpakato akiwa katika mgahawa wenye umeme na intaneti.

Tuanze na kisa. Yuko kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, anafanya kazi ya mahesabu kwa namna hiyo. Alinunua baiskeli ndogo ya kukunja ili aepuke foleni na msongamano wa daladala. Kila asubuhi huiendesha hadi mjini, huikunja mlangoni mwa mgahawa na kuiweka chini ya meza, kisha hufanya kazi mpaka jioni. Mama yake alikuwa akimsifu kwa majirani kuwa mwanawe hasumbuki na anafanya mazoezi kila siku.

Mwezi wa sita wa kazi hiyo, usiku mmoja kijana alishikwa na maumivu makali ya ubavu yanayoshuka hadi kinenani, akawa anagaagaa na kutapika. Hospitali walimkuta na jiwe katika figo. Daktari alipomhoji, ikabainika kwamba alikuwa akifika mgahawani ameloa jasho, halafu hanywi maji. Kwa nini? Alikuwa peke yake. Akinywa maji atakwenda msalani, na akienda msalani hana wa kumwachia kompyuta. Basi akajizoesha kukaa na kiu na kubana mkojo kwa saa nyingi. Alikuwa akilinda chombo cha kazi, akamsahau mfanyakazi. Na kwa kuwa mtu wa kazi hizi hulipwa kwa kazi aliyoikamilisha, wiki mbili za ugonjwa zilikuwa wiki mbili bila kipato, na ada za wadogo zake zinamtegemea yeye.

Ndugu msomaji, kisa hiki kina mafunzo. Hebu tuyapitie moja baada ya jingine.

Maji na mkojo

Figo huchuja taka na madini kutoka katika damu na kuyatoa kwa mkojo. Mtu akipoteza maji kwa jasho na asiyarudishe, mkojo huwa mzito, na madini yaliyomo huweza kugandamana na kuwa jiwe. Katika joto la pwani, aliyeendesha baiskeli anahitaji maji zaidi kuliko aliyekaa, wala si pungufu.

Kipimo chepesi ni rangi ya mkojo. Ukiwa wa manjano hafifu, maji yanatosha. Ukiwa wa manjano iliyokolea, mwili unalalamika. Kunywa kikombe kabla ya kutoka nyumbani, kingine ukifika, kisha endelea kidogo kidogo. Katika mwezi wa Ramadhani, kunywa maji ya kutosha baina ya futari na daku, na safari ya baiskeli ifanye wakati jua halijawa kali.

Usibane mkojo. Mkojo unaokaa muda mrefu kwenye kibofu hutoa nafasi kwa vijidudu kuzaliana, na wanawake ndio huathirika zaidi kwa kuwa njia yao ya mkojo ni fupi. Vilevile tunafahamu kuwa imekatazwa mtu kuingia katika swala huku amebanwa na haja. Kuhusu kompyuta, chagua meza iliyo karibu na mhudumu anayekufahamu, au fanyeni kazi wawili wawili mlindiane. Ikishindikana, itie kwenye begi la mgongoni uende nayo. Ni usumbufu wa dakika moja tu.

Baiskeli haifuti kukaa

Wengi hudhani kwamba aliyeendesha baiskeli asubuhi amekwisha lipa deni la mwili, hivyo anaweza kukaa mpaka jioni. Hapa ndipo tunapokosea.

Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva na makondakta walikuwa katika basi moja, lakini madereva walikaa siku nzima, na makondakta walipanda na kushuka ngazi mara kwa mara. Ilionekana kuwa makondakta walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Huo ulikuwa mwanzo wa wanasayansi kutazama kwa makini madhara ya kukaa.

Uchambuzi mwingine uliochapishwa mwaka 2016, uliojumuisha watu zaidi ya milioni moja, ulionyesha kuwa anayekaa zaidi ya saa nane kwa siku anahitaji dakika 60 hadi 75 za mazoezi ya wastani kila siku ili kuondoa ile hatari ya ziada.

Sasa tupige hesabu. Kijana akiendesha dakika 20 kwenda na 20 kurudi, siku tano, anapata dakika 200 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri dakika 150 hadi 300 kwa mtu mzima. Kwa hiyo baiskeli imemfikisha pazuri. Lakini dakika 40 kwa siku hazifiki zile 60, na zaidi ya hapo mgongo na macho vinataka kupumzishwa saa ile ile ya kazi. Dawa yake ni kuinuka. Kila nusu saa simama, nyoosha mikono, tembea hatua chache. Adhuhuri na Alasiri nazo zinaingia katika saa za kazi. Anayeinuka kwenda msikitini, akatembea, akatawadha, akarukuu na kusujudu, mwili wake umepata mapumziko ambayo kiti hakiwezi kuyatoa.

Kukaa mezani

Meza za mgahawa zimetengenezwa kwa ajili ya kula, hazikukusudiwa kuandikia saa nane. Kompyuta ikiwa chini, shingo huinama, na kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Inua kompyuta kwa vitabu au kibao hadi ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, halafu tumia kibodi na kipanya vya pembeni. Miguu ikanyage chini, mgongo uegemee. Makochi laini yaachie wageni waliokuja kuzungumza.

Macho nayo, mtu akitazama kioo, hupepesa kwa uchache na kukauka. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20.

Ukipata ganzi mkononi, angalia ni vidole vipi. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati mara nyingi hutokana na neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono, jambo linaloweza kuchochewa na kukunja kifundo muda mrefu. Ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete kwa waendesha baiskeli mara nyingi hutokana na kugandamiza usukani kwa kiganja. Badilisha namna ya kushika, na ukiona ganzi haiondoki, mwone daktari.

Baiskeli yenyewe

Baiskeli nyingi za kukunja zina magurudumu ya inchi 16 au 20. Hilo huzifanya ziingie chini ya meza, lakini pia gurudumu dogo huzama zaidi kwenye shimo kuliko kubwa. Basi punguza mwendo penye mashimo, na hakikisha tairi zina upepo wa kutosha. Kabla ya kupanda, kagua vifungio vyote vya maungio, kwa kuwa kifungio kilicholegea huweza kufunguka njiani. Kagua breki, na vaa kofia ngumu.

Kiti kiwe na urefu ambao pedali ikiwa chini kabisa, goti linabaki limekunjwa kidogo tu. Kiti kikiwa chini mno, magoti huuma. Kiwe sawa, kisiinuke mbele, na mara kwa mara jinyanyue juu ya pedali ili damu ipite vizuri sehemu za chini. Wakati wa kuibeba, kunja magoti uinyanyue karibu na mwili, kwani nyingi zina kilo 10 au zaidi.

Kanzu, baibui na ncha za mtandio zinaweza kunaswa na mnyororo au spoku na kumwangusha mtu. Weka kizuizi cha mnyororo, kusanya nguo na uifunge vizuri, au vaa suruali pana chini yake. Barabarani tumia njia ya baiskeli pale ilipo, kama ile ya pembezoni mwa barabara ya Morogoro iliyojengwa pamoja na mabasi yaendayo haraka, lakini usisinzie, maana bodaboda nazo hupita humo.

Usafi

Magurudumu yamepita kwenye maji machafu, vinyesi vya wanyama na matope. Baiskeli ikiingia ndani, ivishwe mfuko wake, isigusane na mikoba ya watu wala isikae karibu na chakula. Usiingize magurudumu hayo mahali pa kuswalia. Ukimaliza kuikunja, osha mikono kwa sabuni kwa sekunde 20, ukipitisha katikati ya vidole na chini ya kucha, hata kama huoni grisi.

Usile huku unaandika. Vidole vinavyotoka kwenye noti, simu na meza iliyofutwa kwa kitambaa kimoja tangu asubuhi, vinahamisha vijidudu kwenda kwenye kibodi, kisha kwenye sambusa, kisha tumboni. Mara moja kwa wiki zima kompyuta, chomoa chaja, na uifute kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti ya asilimia 70. Usimwagie dawa moja kwa moja.

Jasho likikaukia mwilini huleta harufu na fangasi za mapajani. Beba fulana na nguo ya ndani ya akiba, pamoja na taulo ndogo. Ukifika, jifute, jikaushe vizuri kwenye mikunjo ya ngozi, badilisha nguo. Iliyoloa itie kwenye mfuko peke yake na ifuliwe siku hiyo hiyo.

Kahawa na sukari

Kahawa si ngeni kwetu. Masufi wa Yemen waliinywa tangu karne ya 15 ili wakeshe katika ibada, na barazani kwetu hunywewa kwa kikombe kidogo. Tatizo la mgahawani ni ukubwa wa kikombe na hesabu yake, kwa kuwa kila saa mtu huona haya kukaa bila kuagiza. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya, mwaka 2015, waliona kuwa kafeini miligramu 400 kwa siku haileti wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya, yaani takriban vikombe vinne vya kawaida, na mjamzito asizidi 200. Nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takriban saa tano, hivyo kahawa ya saa kumi jioni bado inafanya kazi saa tatu usiku. Ndiyo maana wengine hukosa usingizi, kisha Alfajiri ikawapita.

Kahawa na chai vinapunguza pia kufyonzwa kwa madini ya chuma kutoka kwenye chakula. Dada zetu wenye upungufu wa damu wavinywe mbali na mlo. Ama sukari, Shirika la Afya Duniani linasema ni bora isizidi gramu 25 kwa siku, sawa na vijiko sita vya chai. Soda moja ya kawaida inaweza kuzimaliza zote. Ukiona haya kukalia kiti bure, agiza maji.

Wajibu wa nyumba

Wazazi, msiseme kijana "anashinda mgahawani". Ile ni kazi na inachosha. Mfungieni chakula cha nyumbani pale mgahawa unaporuhusu, mpeni chupa ya maji, na akirudi muulizeni kama amekunywa.

Apelekwe hospitali bila kuchelewa akipata mojawapo ya haya: damu katika mkojo, maumivu ya ubavu pamoja na homa, ganzi baina ya mapaja au kushindwa kuzuia haja, udhaifu wa miguu, au uvimbe na maumivu ya ndama ya mguu mmoja, hasa vikiambatana na pumzi kubana. Msinunue dawa dukani kwa kubahatisha.

Kijana wetu yule amerejea kazini, Alhamdulillah. Bado anakuja na baiskeli yake. Sasa kando ya kompyuta kuna chupa ya maji ya lita moja, nayo kabla ya Adhuhuri huwa tupu. Mwili ni amana, nasi tutaulizwa juu yake.