Kifusi cha Mjengo Kiwe Bustani ya Watu Wote



Kila nyumba mpya inapoinuka sokoni, kando yake hubaki rundo: matofali yaliyovunjika, vipande vya zege, vigae, mchanga ulioshikana na saruji. Mara nyingi rundo hilo huishia kwenye kiwanja cha umma. Mvua ikija mitaro inaziba, watoto wanajikata miguu. Tena kiwanja kikishageuzwa jaa, kinaanza kuonekana kama hakina mwenyewe. Hapo ndipo mnyakuzi anapofika na vigingi vyake.

Katika somo hili tunataka kuona jinsi kikundi kinavyoweza kutumia kifusi hicho hicho kutengeneza bustani ya kupumzikia. Jambo kuu la kushika ni hili: kifusi hutupa umbo la bustani, lakini hakitupi uhai wake. Njia, viti na kuta vitatoka kwa kifusi. Uhai utatoka kwa udongo, na udongo huo lazima tuutengeneze wenyewe.

WALIOTUTANGULIA

Kule Bamburi, kaskazini mwa mji wa Mombasa, kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954 kwa kuchimba mawe ya matumbawe. Pakabaki mashimo makubwa yasiyo na udongo. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller, mzaliwa wa Uswisi, alijaribu kupanda humo aina 26 za miti. Baada ya miezi sita ni aina tatu tu zilizokuwa hai, mmojawapo ukiwa mvinje. Hata mvinje ulipostawi, majani yake yalianguka yakalala tu bila kuoza. Haller akaleta jongoo. Jongoo wakayala majani yale, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park, na watu hulipa kiingilio wakatembee chini ya vivuli.

Mfano wa pili unatoka India. Mji mpya wa Chandigarh ulipokuwa ukijengwa miaka ya 1950, vijiji kadhaa vilibomolewa. Nek Chand, mkaguzi wa barabara, alikusanya vigae, mawe na vyombo vilivyovunjika, akajenga bustani kwa siri katika msitu wa serikali kwa miaka mingi. Ilipogunduliwa ilikuwa hatarini kubomolewa. Lakini watu waliipenda, na mwaka 1976 ikafunguliwa rasmi, naye akapewa mshahara na wafanyakazi 50 wa kumsaidia.

Haller anatufundisha subira ya kutengeneza udongo. Nek Chand anatuonyesha uzuri unaoweza kutoka kwa takataka. Ila kwa siri yake tusimwige. Wengi hawana bahati ya kuokolewa na watu. Wao huamshwa na tingatinga.

HATUA YA 1: ARDHI

Kabla ya kuinua jembe, ulizeni afisi ya ardhi kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani. Kama ni cha umma, ombeni ruhusa ya kaunti kwa barua, na mpewe jibu kwa barua. Neno la mdomo, hata la mkubwa, halitoshi. Mhusisheni chifu, wazee wa kijiji na wafanyabiashara wa karibu, na kumbukumbu za kila mkutano ziandikwe.

Mwaka 1989 Uhuru Park ya Nairobi ilikuwa karibu kupoteza sehemu yake kwa jengo la orofa 60. Profesa Wangari Maathai na wenzake walipinga, na jengo lile halikujengwa. Barua ni ngao, lakini kiwanja kinachotumiwa na watu kila siku huwa pia na walinzi wengi.

HATUA YA 2: KUCHAMBUA

Vaeni viatu na glavu. Tengeni mafungu manne:

1. Matofali mazima na nusu, kwa viti na kingo za njia.
2. Vipande vikubwa vya zege na mawe, kwa msingi wa njia na mashimo ya kunywesha maji.
3. Chengachenga za matofali na kokoto, kwa uso wa njia.
4. Vitu vya hatari: vioo, misumari, mikebe ya rangi na shiti za asibesto.

Shiti za asibesto msizivunje wala msizifagie. Vumbi lake huharibu mapafu, na ugonjwa hutokea miaka mingi baadaye. Ziacheni mlipozikuta, mwaarifu maafisa wa NEMA.

Tofali la kuchoma lijaribuni kwanza. Gonga mawili pamoja: lililoiva hulia kama chuma, bichi hutoa sauti ya kufa. Kisha lilaze majini siku nzima. Likimeguka, lifae kwa kujazia tu, maana mvua za Aprili na Mei zitaliyeyusha.

HATUA YA 3: FUATENI MAJI

Wengi huanza kwa kuchora maua. Sisi tunasema anzeni na maji. Mvua inaponyesha, nendeni kiwanjani mtazame yanakoingia, yanakosimama na yanakotokea, kisha mpige vigingi. Mahali yanaposimama chimbeni shimo la mita moja kila upande, mlijaze zege kubwa. Maji yatazama ardhini. Njia zipiteni palipoinuka. Miti iwe upande wa chini kidogo, ikapate kunywa.

HATUA YA 4: NJIA NA VITI

Njia iwe na upana wa mita 1.5, ili kiti cha magurudumu kipite na mtu wa kusukuma. Chimbeni sentimita 15. Mwageni sentimita 10 za vipande vikubwa, mshindilie, kisha sentimita 5 za chengachenga. Katikati painuke kidogo, maji yateremke pembeni.

Tupige hesabu. Njia ya mita 20 inataka 20 × 1.5 × 0.15, yaani mita za ujazo 4.5. Wilibaro moja ikibeba lita 60 hivi, hizo ni wilibaro 75, na ongezeni kidogo kwa sababu ya kushindilia. Watu kumi wakipokezana, kubeba ni kazi ya asubuhi moja tu.

Kiti kiwe na kimo cha sentimita 45. Ukuta wa mawe usiotiwa saruji usizidi sentimita 60. Ukizidi hapo mwiteni fundi, maana watoto watapanda juu yake.

HATUA YA 5: UDONGO NA MITI

Saruji ina chokaa. Ikijaa kwenye udongo, majani ya mimea mingi huwa manjano. Kwa hiyo kifusi cha saruji kisiingie kwenye shimo la mti. Chimbeni sentimita 60 kila upande, mchanganye udongo wa juu na mboji iliyoiva, kisha mfunike shina kwa nyasi kavu. Lusiola, mwembe na mparachichi hutoa kivuli kizuri. Mikaratusi hapana: inakunywa maji mengi na matawi yake huanguka.

HATUA YA 6: NANI ATAFAGIA?

Bustani nyingi hufa baada ya sherehe ya kufungua. Andikeni zamu: nani anamwagilia miche kiangazi cha kwanza, nani anafagia baada ya siku ya soko, nani anashika fedha za majembe. Waulizeni kina mama wanaouza mboga wanataka viti wapi, na wasichana wanaogopa kona gani jioni. Kichaka kinachoficha mtu kisipandwe karibu na njia.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kijijini kwetu ni kiwanja gani cha umma kimegeuzwa jaa? Karatasi zake ziko wapi?
2. Ni nani wanajenga mwaka huu, na tunaweza kuwaomba wachambue kifusi kabla ya kukimwaga?
3. Nani kati yetu atatunza miti hii mwaka wa tatu, wakati hakuna mgeni wa kutupigia makofi?

Swali la tatu likikosa jibu, msianze kazi. Likipata jibu lenye majina, tafuteni wilibaro.