Cheni ya Taimingi: Somo Nililolipata Gongoni

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo niliyakariri darasani. Maana yake niliipata likizo ya Agosti, chini ya mwarobaini uani kwetu Gongoni.

Mjomba ana pikapu kuukuu aina ya Peugeot 504. Gari hili lilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1968, na wazee wetu wanalikumbuka kwa kushinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Kwetu sisi halina mbio. Hubeba magunia ya chumvi, nazi na mbuzi hadi Malindi, na karo yangu hutoka humo.

Kwa miezi miwili, kila alfajiri likiwashwa, injini ililia upande wa mbele kama mtu anayetikisa senti koponi. "Cheni hiyo imelegea," mjomba alisema, lakini mzigo ulikuwa haukatiki, akaahirisha. Mwishowe gari likashindwa kupanda hata kijilima. Ikabidi fedha za karo zinunue cheni, gia zake mbili na tenshena. Nikajua tukikosea hapa, muhula wa tatu utaanza mimi niko nyumbani.

Sasa tuulizane: cheni hii ina kazi gani? Krankshafti huzungushwa na pistoni. Kamshafti hufungua na kufunga valvu. Cheni huziunganisha mbili hizi ili kila valvu ifunguke kwa wakati wake. Krankshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja tu. Ndiyo sababu gia ya kamshafti ina meno maradufu. Cheni ikilika hurefuka, valvu huchelewa, na nguvu hupungua. Ikiruka meno, valvu yaweza hata kugongana na pistoni.

Tulifanya hivi:

1. Tulikata waya wa betri, tukamwaga maji, tukatoa redieta, feni, belti na puli ya krankshafti. Nati ya puli ilikuwa imeshika kutu ya hewa ya chumvi. Tuliimwagia mafuta tukailaza usiku mzima.

2. Tulifungua kifuniko cha mbele. Tukazungusha injini kwa mkono hadi pistoni ya kwanza ikafika juu kabisa, valvu zake zote mbili zikiwa zimefungwa. Kila gia ina alama ya kiwandani. Mkabala na kila alama, mjomba akachora mstari wa rangi nyeupe kwenye bodi ya injini.

3. Tulitoa tenshena, gia na cheni. Niliuliza kwa nini tusibadilishe cheni peke yake. Akajibu, "Meno yaliyolika yatakula cheni mpya, mwanangu."

4. Tulifunga vipya, alama zikitazama mistari, kisha tenshena.

Hatua ya nne niliachiwa mimi. Nilipomaliza nikakimbilia kuchukua kifuniko. Mjomba akanizuia: "Hebu zungusha kwa mkono kwanza, mara mbili. Usiguse swichi."

Nikazungusha. Alama ya krankshafti ikarudi penye mstari wake. Ya kamshafti ikapita kidogo. "Waona? Jino moja hilo."

Kosa langu lilikuwa hili: niliacha ulegevu upande unaovuta, badala ya upande wa tenshena. Cheni ilipokazika, gia ikasogea. Jino moja si dogo. Gia ya kamshafti ikiwa na meno 40, jino moja ni nyuzi 9, yaani nyuzi 18 za krankshafti.

Tukafungua, tukarudia. Safari hii alama zote mbili zilirudi pale pale. Tukaweka gasketi mpya na vingine vyote, tukatia maji na oili. Mjomba akawasha. Zile senti za koponi hazikusikika tena. Jumatatu gari lilikwenda Malindi na mzigo, na muhula ulipofunguliwa nilikuwa darasani na wenzangu.

Neno moja kwa wanachama wenzangu: kamusi itakwambia cheni ni mnyororo. Ni kweli, lakini ukiomba mnyororo dukani utapewa wa kufungia mbuzi! Mwambie muuzaji "cheni ya taimingi," na umtajie injini.

Nami tangu siku hiyo, hata kwenye mtihani wa hesabu, nikimaliza nazungusha kwa mkono mara mbili kabla ya kuwasha.