JOTO LA KIANGAZI NA SUKARI KATIKA DAMU

Katika kata ya Kinyangiri, wilayani Mkalama, mkoa wa Singida, mwaka una sura mbili. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba hivi hadi Aprili. Miezi iliyobaki ni kiangazi. Ifikapo Oktoba na Novemba, kabla ya mvua za kwanza, jua huwa kali, hewa huwa kavu, na kipimajoto kilichotundikwa kivulini huonyesha nyuzi 30 hivi za Sentigredi wakati wa adhuhuri. Miezi hiyo ndiyo mkulima husafisha shamba lake la mtama, uwele au alizeti. Kwa mtu mwenye afya kamili joto hilo ni adha tu. Kwa mwenye ugonjwa wa kisukari laweza kuvuruga hesabu yote ya chakula, kazi na dawa aliyoizoea.

Makala haya yaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea. Mwalimu ataona kwamba linagusa masomo matatu kwa pamoja: biolojia, kemia na fizikia.

Ugonjwa usio wa mijini peke yake

Zamani kisukari kilidhaniwa kuwa ugonjwa wa watu wachache wa mijini. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989, chini ya uongozi wa Profesa Donald McLarty wa Muhimbili, ulikuta kwamba chini ya mtu mzima 1 katika kila 100 alikuwa na ugonjwa huo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Ingawa chunguzi hizo mbili hazikufanana kwa mpango wala kwa umri wa waliopimwa, tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa. Kwa hiyo mwanafunzi asomaye makala haya yamkini anaye jamaa au jirani mwenye kisukari.

Sukari ya damu hutawaliwaje?

Sukari iliyomo katika damu ni glukosi. Kwa mtu mzima asiye na kisukari, kabla ya kula, kiasi chake ni kama milimoli 5 katika kila lita. Tukichukulia kwamba ana lita 5 za damu, jumla ni milimoli 25. Kwa kuwa moli moja ya glukosi ina uzito wa gramu 180, milimoli 25 ni gramu 4.5 tu, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Kiasi kidogo namna hiyo chaweza kubadilika upesi sana.

Mwenye kazi ya kukilinda ni homoni ya insulini, itokayo katika kongosho. Insulini huruhusu glukosi kuingia katika misuli na mafuta ya mwili, na hulizuia ini lisimwage glukosi nyingi katika damu. Katika aina ya kwanza ya kisukari, kongosho haitoi insulini, au hutoa kidogo mno. Mgonjwa hana budi kudungwa sindano za insulini. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya wagonjwa walio wengi, insulini ipo lakini mwili hauitii vema, na baadaye nayo hupungua.

Mwili hujipozaje?

Mwili ukipata joto hufanya mambo mawili makubwa. Kwanza, mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi hupanuka, na damu nyingi hupita karibu na hewa. Pili, tezi za ngozi hutoa jasho. Jasho lenyewe halipozi. Kinachopoza ni kukauka kwake. Kila gramu ya maji inayogeuka mvuke juu ya ngozi huchukua kilojuli 2.4 hivi za joto kutoka mwilini. Nusu lita ya jasho ikikauka yote huondoa kilojuli 1,200.

Njia zote mbili huweza kuharibika kwa mtu aliyeishi na kisukari kwa miaka mingi. Sukari iliyozidi hudhuru mishipa ya fahamu, pamoja na ile inayoamuru tezi za jasho na kupanuka kwa mishipa ya damu. Mgonjwa wa namna hiyo huweza kukauka ngozi ya miguu na kutokwa jasho kidogo kuliko inavyotakiwa, hata joto la mwili wake likapanda upesi akiwa juani.

Namna joto linavyopandisha sukari

Jasho likitoka bila maji kurudishwa, maji ya damu hupungua. Tufanye hesabu rahisi. Mgonjwa ana milimoli 9.5 za glukosi katika lita moja ya maji ya damu. Maji hayo yakipungua kwa sehemu moja ya kumi, glukosi ileile sasa imo katika lita 0.9, gawanya 9.5 kwa 0.9, utapata 10.6. Hakuna sukari iliyoongezwa, lakini kipimo kimepanda.

Ongezeko hilo huonekana dogo, ila limevuka mpaka muhimu. Figo huchuja glukosi na kuirudisha katika damu, lakini uwezo wake una kikomo. Glukosi ipitapo milimoli 10 hivi katika lita, inayozidi huingia katika mkojo, nayo huvuta maji kutoka nayo. Mgonjwa hukojoa zaidi, hupungukiwa na maji zaidi, na sukari huzidi kukolea. Tena, mwili uliosongwa na joto na kiu hutoa homoni za dhiki, kama adrenalini na kotisoli, ambazo hulisukuma ini kumwaga glukosi. Hivyo basi jambo moja hulitia nguvu jingine, mfano wa gurudumu linaloteremka mlima.

Kosa la kawaida huongeza ubaya huo: mwenye kiu hutuliza kiu kwa soda au maji ya matunda yenye sukari nyingi. Kinywaji hicho hurudisha maji, lakini huleta pia sukari ambayo mwili tayari umeshindwa kuitumia.

Namna joto linavyoshusha sukari

Mwanafunzi asikimbilie kuhitimisha kwamba joto hupandisha sukari siku zote. Kwa mtu anayetumia insulini, kinyume chake hutokea mara nyingi. Insulini hudungwa katika mafuta yaliyo chini ya ngozi, kisha huingia katika damu polepole. Ngozi ikiwa na joto, damu nyingi hupita mahali hapo, nayo insulini huchukuliwa haraka zaidi. Huko Finland, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1980, wagonjwa walikalishwa katika chumba cha joto kali ambacho watu wa nchi ile hukiogea. Insulini iliondoka chini ya ngozi zao kwa kasi iliyozidi mara mbili ya kawaida. Shamba la Kinyangiri halina joto la chumba kile, lakini kanuni ni ileile.

Ongeza juu ya hayo kazi ya jembe. Misuli inayofanya kazi huchukua glukosi kwa wingi, hata bila msaada mkubwa wa insulini. Mtu aliyedungwa sindano asubuhi, akala kidogo kwa kuwa joto limempunguzia hamu, kisha akalima hadi saa sita mchana, amekusanya sababu tatu za kushuka kwa sukari. Ikishuka chini ya milimoli 4 katika lita, hatari imeanza. Hatari hiyo yaweza pia kumpata anayetumia vidonge vinavyoilazimisha kongosho kutoa insulini, kama vile glibenklamaidi.

Dalili zinazofanana

Hapa ndipo penye jambo lililo zito kuliko yote. Mtu aliyelemewa na joto hutokwa jasho, hulegea, huumwa kichwa na kuona kizunguzungu. Mtu aliyeshukiwa na sukari naye hutokwa jasho, hutetemeka, moyo humwenda mbio, na akili huchanganyikiwa. Wenzake shambani husema, “Ni jua tu, mwacheni apumzike,” kumbe ubongo wake unakosa glukosi.

Kanuni ya kufuata ni hii. Mtoe mgonjwa juani, umweke kivulini. Ikiwa kipimo cha sukari kipo, apimwe mara moja. Ikiwa hakipo, na yu macho, aweza kumeza, apewe sukari: vijiko vinne vya chai vilivyokorogwa katika maji, au soda ya kawaida kiasi cha nusu glasi hadi glasi moja. Asipopata nafuu baada ya dakika 15, arudiwe. Akipata nafuu, ale chakula. Endapo sukari yake ilikuwa juu, kiasi hicho hakitaongeza madhara makubwa kwa muda mfupi. Lakini endapo ilikuwa chini, kuchelewa kwaweza kumwua. Aliyezirai asitiwe kitu chochote kinywani: alazwe ubavu, apelekwe haraka kituo cha afya.

Insulini na chungu cha maji

Insulini ni protini ndogo yenye asidi amino 51 katika minyororo miwili. Kama ute wa yai, hubadilika umbo ipatapo joto kali, na umbo likiharibika dawa haifanyi kazi. Chupa isiyofunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 bila kuganda. Inayotumika huweza kukaa nje ya jokofu kwa wiki nne hivi, kwa kawaida chini ya nyuzi 25 au 30, kadiri maelezo yake yanavyosema. Je, nyumba isiyo na jokofu ifanyeje?

Jibu limo jikoni. Maji ya mtungi huwa baridi kwa sababu hupenya udongo na kukauka nje, yakichukua joto kama jasho lifanyavyo. Weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, uloweshe mchanga huo asubuhi na jioni, na ufunike kwa kitambaa chenye maji. Chupa ya insulini ikae ndani ya chungu kidogo, katika mfuko usiopenya maji. Hewa ikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 30, ukaukaji waweza kupoza hadi karibu na nyuzi 18. Unyevu ukiwa asilimia 80, hauwezi kupita nyuzi 27 hivi. Kwa bahati njema, kiangazi cha Singida ni kikavu, na chungu hufanya kazi vizuri wakati kinapohitajiwa zaidi. Hata hivyo hakifikii nyuzi 8. Akiba ya miezi mingi ibaki katika jokofu la kituo cha afya.

Utafiti mmoja wa jirani watia moyo. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, ilipimwa kwamba joto ndani ya nyumba hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva waliiga hali hiyo katika maabara kwa wiki nne, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba insulini ilipoteza nguvu isiyozidi asilimia 1. Haifuati kwamba dawa yaweza kuachwa juani, chini ya bati au ndani ya gari lililofungwa, ambamo joto hupita nyuzi 37 kwa mbali.

Ushauri kwa siku za joto

Mwenye kisukari anywe maji mara kwa mara bila kungoja kiu, isipokuwa kama daktari amemwekea kipimo kwa sababu ya moyo au figo. Kazi nzito aifanye alfajiri na jioni. Apime sukari mara nyingi zaidi ya kawaida, na vijiti vya kupimia avitunze katika kopo lake, mbali na jua. Shambani achukue sukari mfukoni, avae viatu, na wenzake wajue ugonjwa wake. Asipunguze wala asiache dawa kwa kukisia; aulize kituo cha afya.

Maswali na jaribio

1. Mgonjwa ana milimoli 15 za glukosi katika lita. Akiwa na lita 5 za damu, ana gramu ngapi za glukosi kwa jumla?

2. Lita 1.5 za jasho zikikauka zote juu ya ngozi, huondoa kilojuli ngapi za joto?

3. Eleza kwa nini watu wawili wenye kisukari, wakilima shamba moja siku moja, mmoja huweza kupanda sukari na mwingine kushuka.

4. Chukua vipimajoto viwili; kimoja kivishwe pamba iliyoloweshwa maji. Visome saa nane mchana kila siku mwezi Oktoba, kisha tena mwezi Januari. Tofauti ya vipimajoto hivyo ni kubwa mwezi gani? Je, ni mwezi gani chungu chako kitailinda insulini vizuri zaidi, na kwa nini?

Majibu ya maswali mawili ya kwanza: gramu 13.5, kilojuli 3,600.