Baada ya Cheti, Nani Atakusukuma?

Tukipita vijijini tunasikia: "Mwalimu haji siku hizi, ndiyo maana nimesahau." Hilo hatulikubali. Mwalimu alikuonyesha herufi. Kuzitunza ni kazi yako.

Mkumbuke Mzee Kimani Maruge wa Kenya. Mwaka 2004, akiwa na miaka 84, aliingia darasa la kwanza huko Eldoret pamoja na watoto wadogo. Alivaa kaptura na soksi ndefu kama wao! Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe. Ghasia za uchaguzi za mwaka 2008 zilimtoa nyumbani, akaishi hemani. Hata hivyo shule hakuiacha. Alifariki mwaka 2009, shule ya msingi hajaimaliza.

Wewe je, shabaha yako ni ipi? "Nijue kusoma" haitoshi, haishikiki. Sema: "Msimu huu nitasoma mwenyewe stakabadhi yangu ya pamba, nizidishe kilo kwa bei, kabla sijapokea fedha." Basi, kila jioni baada ya kula, soma ukurasa mmoja na ufanye hesabu moja. Ukikosa siku kwa sababu ya msiba, kesho yake endelea ulipoishia. Mtoto wako akusikilize. Akicheka, mwache acheke.

Zoezi: Andika shabaha yako kwa sentensi moja. Ibandike ukutani.