Geji za Ziada kwa Pikapu Kuukuu: Kabla Taa Nyekundu Haijawaka

Pikapu nyingi zinazobeba nyanya, kabeji na ndizi kutoka milima ya Taita hadi Voi, na kutoka hapo takriban kilomita 150 hadi Mombasa katika soko la Kongowea, zina umri wa miaka ishirini na zaidi. Ukiondoa geji ya mwendo, dashibodi zake huwa na geji mbili tu: ya mafuta ya tangi na ya joto la maji. Mambo mengine ya injini yameachiwa taa. Dereva huendesha akiamini kwamba taa isipowaka, hakuna neno.

Imani hiyo huwagharimu wengi. Swichi ya taa ya oili katika injini nyingi huiwasha taa pale presha inaposhuka hadi kati ya bar 0.3 na 0.5. Injini nzima iliyopata moto, ikiwa barabarani, huwa na presha ya bar 3 hadi 4. Kati ya hizo 3 na hiyo 0.4 kuna uharibifu mwingi unaoweza kutokea taa ikiwa kimya: beringi za krankishafti zinakwisha, pampu ya oili inachoka, oili imekuwa nyepesi kama maji. Taa inapowaka huwa inatangaza msiba, haitoi onyo. Kwa mkulima au mfanyabiashara ambaye pikapu hiyo ndiyo mtaji wake, injini iliyokwama ni karo ya shule iliyopotea na mzigo uliooza kando ya barabara.

Geji ya joto iliyotoka kiwandani nayo si ya kutegemewa sana. Katika magari mengi ya miaka ya 1990 na kuendelea, watengenezaji waliifanya sindano itulie katikati hata joto la maji linapobadilika kwa nyuzi nyingi, ili wateja wasishtuke bure. Sindano ikianza kupanda kutoka hapo katikati, muda wa kuokoa gasketi ya silinda hedi umebaki mdogo. Injini ya dizeli ya 2L, iliyo katika Toyota Hilux nyingi za zamani, inajulikana na mafundi wote kwa silinda hedi kupasuka ikichemka. Mwenye injini hiyo anayepanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi akiwa na mzigo hana anasa ya kungoja.

Geji zipi zinafaa

Tatu zinatosha: presha ya oili, joto la maji na volti za betri. Injini yenye tabo inaweza kuongezewa ya nne, ya kupima joto la moshi kabla haujaingia kwenye tabo. Pikapu ya kawaida isiyo na tabo haiihitaji, na fedha zake zina kazi nyingine. Ikiwa mfuko unaruhusu moja tu kwa sasa, mwenye dizeli kuukuu aanze na ya joto.

Geji ya volti hudharauliwa kwa sababu ni ya bei nafuu na hufungwa kwa dakika chache. Lakini katika Hilux za dizeli za aina hiyo, nyuma ya alteneta kuna pampu ndogo inayovuta hewa kwa ajili ya kusaidia breki. Mkanda unaozungusha alteneta ukikatika, chaji inakufa na breki zinakuwa nzito kwa pamoja. Katika injini nyingi za zamani mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Basi dereva anayeteremka milima na kuona volti zikishuka ghafla kutoka 14 hadi 12 amepata habari kuhusu breki na maji vilevile, si kuhusu betri peke yake. Asimame mahali salama angali anaweza.

Baadhi ya magari ya zamani sana yalikuja na geji ya ampea badala ya volti. Kuongeza ya namna hiyo leo hakushauriwi. Umeme wote wa chaji hupita ndani yake, kwa hiyo waya nene zenye umeme mkali huletwa hadi kwenye dashibodi, na muungano ukilegea kunaweza kutokea moto. Geji ya volti huchukua umeme kidogo mno.

Za kiwandani au za dukani

Njia ya kwanza ni kutafuta dashibodi ya modeli ile ile lakini ya daraja la juu. Kuna matoleo ya pikapu za Toyota za miaka ya 1980 yaliyotoka kiwandani yakiwa na geji za oili na volti, ilhali toleo la bei ya chini lilipewa taa. Dashibodi kama hizo hupatikana kwa wauzaji wa vipuri vya mtumba kutoka Japani, wakiwemo wale wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Uzuri wake ni kwamba hukaa mahali pake kama zilizozaliwa pale.

Mnunuzi ahakikishe mambo kadhaa kabla ya kutoa pesa. Plagi za nyuma zifanane na zake, kwa umbo na kwa mpangilio wa waya. Gari iliyotoa dashibodi hiyo iwe ya volti 12, kwa maana baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizouzwa nchini Japani zilikuwa za volti 24, na geji zake hazifai hapa. Geji ya mizunguko ya injini ya petroli haisomi injini ya dizeli, kwani ya petroli hupokea ishara kutoka kwa koili, kitu ambacho dizeli haina. La mwisho ni kilomita. Dashibodi ngeni huja na hesabu yake, kwa hiyo hesabu ya ile ya zamani iandikwe pamoja na tarehe na kuhifadhiwa na kitabu cha gari. Atakayeinunua pikapu siku zijazo ana haki ya kujua.

Kosa linalorudiwa sana katika njia hii ni kubadilisha dashibodi na kuacha swichi ya oili ya zamani kwenye injini. Swichi hujua kuwaka na kuzima tu. Sindano ya geji iliyounganishwa nayo itaruka mwisho mmoja au mwingine na kubaki huko. Sensa ya presha, ambayo ni kubwa kuliko swichi, lazima inunuliwe pamoja na dashibodi.

Njia ya pili ni geji za dukani, zile za duara zenye kipenyo cha milimita 52, zinazofungwa kwenye kibao chini ya dashibodi au kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Hapa jambo kubwa ni kwamba geji na sensa yake ni mume na mke. Sensa za mtindo wa Ulaya, kama za VDO, huenda kutoka omu 10 hadi 180 presha inapopanda. Za mtindo wa Marekani huanza omu 240 na kushuka hadi 33. Ukichanganya, geji itasoma kinyume au itadanganya kwa kiasi ambacho hakuna atakayekigundua. Zinunuliwe zikiwa seti moja.

Kuna pia geji za kimekanika, ambazo oili yenyewe husafiri kwa bomba jembamba hadi ndani ya gari. Husoma kwa usahihi na hazihitaji umeme ila wa taa yake. Bomba hilo likichanika, hata hivyo, oili ya moto humrukia dereva miguuni huku injini ikikauka. Za umeme ni salama zaidi kwa gari la kazi.

Kufunga

Waya hasi wa betri ufunguliwe kwanza. Fundi anayesema hakuna haja huyo ana haraka ya kwenda kwa gari jingine.

Sensa ya oili huingia pale ilipo swichi ya taa, kwa kawaida karibu na filta. Taa isiondolewe. Kipande cha T cha shaba hutumiwa ili swichi na sensa zikae pamoja, geji iwe ya kusomwa na taa iwe ya kumshtua dereva ambaye macho yake yako barabarani. Nyuzi za skrubu zikaguliwe kwa makini: magari ya Japani hutumia nyuzi 28 kwa inchi kwenye tundu hilo, geji nyingi za Marekani hutumia 27. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba skrubu itakubali kuingia mizunguko kadhaa, kisha itakaza, na anayelazimisha kwa spana ataharibu tundu la bloku. Adapta ya kuunganisha aina hizo mbili huuzwa.

Sensa ya presha ni nzito, na dizeli hutikisika. Ikining'inizwa kwenye kipande cha T huku ikitikiswa kwa miezi kadhaa kwenye barabara ya changarawe, shingo ya shaba hupata ufa, oili yote humwagika, na geji iliyonunuliwa kuilinda injini inakuwa ndiyo iliyoiua. Dawa yake ni paipu fupi inayopindika, iliyotengenezwa kwa ajili ya oili ya presha, itoke kwenye injini hadi kwenye bodi, na sensa ifungwe huko kwa klampu. Ikifungwa hivyo sensa hupoteza athi iliyokuwa ikiipata kupitia chuma cha injini, kwa hiyo iongezewe waya wake wa athi. Hata inapobaki kwenye injini, isizungushiwe tepu nyeupe ya mafundi bomba kwa wingi, kwa sababu tepu hiyo huweza kukata athi na sindano ikayumba ovyo.

Sensa ya joto ndiyo inayohitaji kufikiri. Njia rahisi ni kukata paipu ya juu ya redieta na kuweka adapta ya alumini kati, yenye tundu la sensa na klipu mbili. Adapta hiyo imezungukwa na mpira pande zote, hivyo lazima ipewe waya wa athi. Tatizo lake ni mahali. Katika injini ambazo temostati iko mwanzoni mwa paipu hiyo, maji ya moto hayafiki kwenye sensa mpaka temostati ifunguke, takriban nyuzi 82 hadi 88. Temostati ikikwama ikiwa imefungwa, injini itaungua huku geji mpya ikionyesha ubaridi. Fundi atafute kwanza tundu lenye plagi kwenye silinda hedi au chini ya nyumba ya temostati, na paipu iwe chaguo la mwisho.

Sensa yoyote ya maji husoma maji tu. Paipu ikipasuka na maji yote yakaisha, sensa hubaki kwenye hewa na sindano inaweza kushuka badala ya kupanda. Dereva anayeona joto likishuka ghafla katikati ya mlima asishukuru. Asimame na kuzima. Kwa sababu hiyo wengine hufunga pia king'ora chenye sensa inayobanwa kwa boliti ya silinda hedi na kupima joto la chuma chenyewe. Ni nyongeza nzuri kuliko geji ya nne.

Waya za geji zichukue umeme kutoka kwa waya unaopata moto swichi inapofunguliwa, kupitia fyuzi ndogo ya ampea 3 hadi 5. Waya wa taa ya geji uungwe na taa ndogo za gari. Kila waya unaopita kwenye ukuta wa injini upitie kwenye mpira, kamwe usipite kwenye chuma kitupu. Taa ya chaji nayo ibaki mahali pake, maana katika gari nyingi umeme unaoiamsha alteneta hupitia kwenye glopu ya taa hiyo. Ikitolewa, alteneta huenda isianze kuchaji.

Kazi hii haihitaji gereji kubwa. Vyuo vya mafunzo ya ufundi vya vijijini, ambavyo Katiba ya 2010 iliviweka chini ya serikali za kaunti, hufundisha umeme wa magari, na mwanafunzi aliyeshika vizuri somo la athi na fyuzi anaweza kuifanya kwa siku moja akisimamiwa na mwalimu.

Kusoma

Asubuhi injini ikiwa baridi presha ya oili huwa juu, si ugonjwa. Ikishapata moto, makisio ya mafundi ni takriban bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000. Ikishuka ghafla, zima mara moja, hata kama mji uko kilomita mbili mbele. Volti injini ikiwa imezimwa ni karibu 12.6, ikinguruma ni 13.8 hadi 14.4. Zikipita 15, betri inachemshwa na rigyuleta imeharibika.

Joto la kawaida ni kati ya nyuzi 80 na 95. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji matupu huchemka kwa takriban nyuzi 95, chini ya 100 za pwani, na kinachoyazuia kuchemka ni presha inayoshikiliwa na kifuniko cha redieta. Kifuniko kilichochoka kinaweza kuichemsha injini isiyo na kasoro nyingine yoyote, na ni kipuri cha bei ndogo. Joto likizidi 100 na kupanda, dereva apunguze gia na mwendo, afungue hita kwa nguvu zote, na lisipotulia asimame. Kifuniko kisiguswe mpaka injini ipoe, wala maji baridi yasimwagwe kwenye silinda hedi yenye moto.

Wiki ya kwanza baada ya kufunga, dereva aandike kwenye daftari: oili ikiwa baridi, oili ikiwa moto bila kukanyaga mafuta, joto juu ya mlima akiwa na mzigo na akiwa mtupu, volti mchana na usiku taa zikiwaka. Volti za geji zilinganishwe mara moja na kipimo cha fundi kilichowekwa kwenye betri yenyewe, kwa kuwa geji ya dashibodi inaweza kusoma pungufu kidogo. Daftari likae kwenye droo ya gari, na kila oili inapobadilishwa namba hizo ziandikwe upya chini ya zile za kwanza.